Ua la Kulalia Tumbo

Kulitazama sharti ulale kifudifudi,
kidevu mchangani, makalio juani,
usijali treni ya mizigo inayopita
wala dereva atakayedhani umekufa.

Harlan Quist alilala wa kwanza, kwa awamu:
goti la kushoto likalia, la kulia likalia zaidi,
kisha mwili wote wa mzee wa reli
ukashuka kwenye changarawe za Mojave
kama shehena inayopakuliwa kwa kamba.
"Ni yale ya dhahabu," akasema,
"yale yanayofurika bondeni mwaka wa neema."
Nikamwambia si yale.
Nikalala na mimi.

Mwaka huo mvua ilikuja Jumanne moja ya Januari,
ikakaa muda wa kuchemsha yai,
ikaondoka bila kuaga.
Bonde zima likatoa ua moja.
Moja,
chini ya kichaka cha kreosoti,
kimo chake kijiti cha kiberiti kilichoungua nusu.

Nilikuwa na lenzi ya sonara, ya kuwekea rehani, kutoka Barstow.
Ndani ya lenzi ua likaacha kuwa ua, likawa mkutano:
kila ulimi wa njano pembeni ni ua kamili,
na kitovu kile ni maua mengine thelathini, arobaini,
yamebanana kama punje kwenye gunzi,
kila moja na kikombe chake na vumbi lake na haja yake.
Jamii ya alizeti. Hapo hatukubishana.
Ubishi ulikuwa jina la ndani.

"Jani lina sufu," nikasema.
"Vumbi hilo."
Nikalipuliza. Sufu ikabaki.
"Vumbi la zamani," akasema Harlan.
Nikamwonyesha ncha ya jani, meno matatu,
mguu wa kifaranga.
Akahesabu ndimi, akapata saba.
Nikahesabu, nikapata nane.
Wa nane alikuwa ameulalia kwa kivuli cha pua yake.

Kitabu, ukurasa wa mia tatu na kumi na moja, hakina huruma:
Kata kichwa. Kipasue. Chunguza taji la mbegu:
je, ni magamba, ni nywele, au hakuna kitu?
Wembe nilikuwa nao mfukoni,
ule wa kukatia mpira wa pampu.
Nikautoa.
Harlan, aliyeua nyoka kwa sururu miaka thelathini
bila kuvua kofia,
akaufunika mkono wangu kwa wake.
"Lingoje likomae," akasema. "Mimi sina treni ya kuwahi."

Tukalizungushia mawe sita.
Kwenye daftari langu la kazi, kati ya vali mbili na galoni ya oili,
nikaandika: njano, dogo, jina baadaye.
Jioni alilipelekea kijiko cha maji
nilichomkataza,
akidhani sioni.

Siku ya kumi na nane mawe yalikuwepo, yote sita.
Katikati, shimo dogo kama la sindano,
na nyayo mbilimbili za mtu mzito asiye na haraka.
Wasemao kobe akiinama anatunga sheria
hawakumwona huyu:
ameinama anatafuna ushahidi,
ulimi mmoja wa njano ukining'inia pembeni mwa mdomo.

Harlan akavua kofia.
"Muulize yeye. Yeye ndiye amepasua."

Kobe akafumba jicho moja,
kisha, baada ya kufikiri, la pili.

Nikaenda zangu kufunga pampu ya akina Ocampo.
Daftari likabaki na nafasi yake tupu,
nami sikuijaza, maana kitabu ni kitabu
na ng'ombe wa Ocampo walikuwa na kiu.

Agosti, saa tano za usiku, joto limekataa kulala,
simu ikalia.
Pumzi kwanza. Kisha, mbali nyuma yake, honi ya treni.
"Lilikuwa na sufu," akasema Harlan,
akakata.